Kuchomelea kwa jenereta pasipo umeme wa gridi: anza na rodi, malizia na jenereta

Anayetaka kuchomelea mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika huanza kwa kuuliza anunue jenereta ya ukubwa gani. Swali hilo ni la tatu. La kwanza ni unene wa chuma utakachounga, la pili ni rodi inayokifaa chuma hicho. Rodi ndiyo inayoamua ampea, ampea zinaamua mzigo, na mzigo ndio unaokuonyesha jenereta. Ukianzia mwisho utajikuta na jenereta inayozimika kila ukigusa chuma, au umebeba mzigo wa kilo 90 kwenda kuunga fremu za madawati ambazo jenereta nyepesi zaidi ingezimaliza.

Maelezo haya yanahusu hasa mashine ndogo za inveta, zile nyepesi za kielektroniki, zinazochomelea kwa rodi, kwa sababu ndizo zinazoelewana na jenereta za petroli. Mashine za koili, zile nzito za transfoma, zina hesabu yake, nayo ipo mbele.

Hesabu ya mzigo

Bomba za mraba na engo zenye unene wa milimita 1.5 hadi 3, yaani magrili, mageti, milango na madawati, zinatosheka na rodi ya E6013 ya milimita 2.5, ile inayouzwa kama geji 12. Hiyo huchoma kwa ampea 60 hadi 90. Chuma chembamba zaidi kipe rodi ya milimita 2 kwa ampea 40 hadi 60. Fremu ya mkokoteni, plau, au trela ya trekta yenye chuma cha milimita 5 na zaidi inataka rodi ya milimita 3.2, geji 10, kwa ampea 95 hadi 130.

Chukua ampea 90 kama mfano.

1. Zidisha ampea kwa 0.04, kisha ongeza 20. Unapata volti 23.6, ndizo volti za moto ukiwa unachomelea.
2. Zidisha volti hizo kwa ampea: 23.6 × 90 = wati 2,124.
3. Mashine hupoteza sehemu ya nguvu kama joto. Gawanya kwa 0.8: wati 2,655. Hiki ndicho injini inachotakiwa kukitoa.
4. Inveta za bei ya kawaida hazivuti umeme kwa ulaini. Huuvuta kwa mikupuo mifupi kwenye kilele cha kila wimbi, na koili za jenereta hubeba ampea nyingi kuliko wati zinavyoonyesha. Gawanya tena kwa 0.65: karibu kVA 4.1 (kVA ni volti mara ampea, kwa maelfu).
5. Ongeza robo ili jenereta isifanye kazi ikiwa imebanwa hadi mwisho: kVA 5.1.

Kwa hesabu hiyohiyo, ampea 50 zinataka jenereta ya kVA 2.6, ampea 70 zinataka 3.8, ampea 110 zinataka 6.5, na ampea 130 zinakaribia 8. Inveta yenye saketi ya PFC, inayolainisha mikupuo hiyo, huvuta umeme kwa utulivu zaidi, kwa hiyo kVA hupungua kwa karibu theluthi moja, ila wati hazipungui. Injini bado inatakiwa kuzitoa zote.

Usihesabu kwa namba kubwa iliyoandikwa mbele ya mashine ya kuchomelea. Mashine iliyoandikwa 200 au 250 haikulazimishi kutumia ampea hizo. Ukiiweka kwenye 80, itavuta mzigo wa 80.

Soma injini, usisome stika

Jenereta nyingi sokoni huandikwa nguvu ya kilele, ile inayotoka kwa sekunde chache tu. Tafuta neno linalomaanisha nguvu ya kudumu kwenye kibati cha chuma, na kama halipo, tazama ukubwa wa injini. Injini ya petroli ya sisi (cc, ujazo wa silinda) 196 hadi 212, yenye hp (nguvu farasi) 6.5 au 7, hutoa kilowati 2.5 hadi 3 za umeme wa kudumu. Injini ya sisi 389 hadi 420, yenye hp 13 hadi 15, hutoa kilowati 5 hadi 6. Ukiona sisi 200 chini ya stika ya kVA 8, iamini injini. Jenereta hiyo itachomelea rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 65 hadi 75 na hapo ndipo mwisho wake.

Mwinuko nao unakula nguvu, na watu wa nyanda za juu huusahau. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mbeya mjini na Nairobi ziko karibu mita 1,700, kwa hiyo moja ya tano ya nguvu imeondoka kabla hujavuta kamba. Jenereta ya kilowati 5 iliyofanya kazi vizuri Tanga itakupa kilowati 4 huko. Ikitoa moshi mweusi na plagi ya injini ikawa na masizi, petroli imezidi hewa. Jeti ndogo ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, hurekebisha hilo, lakini nguvu iliyopotea kwa mwinuko hairudi.

Aina ya jenereta

Chagua yenye AVR, kifaa kinachosawazisha volti. Zile ndogo za bei nafuu zinazotegemea kapasita hupandisha na kushusha volti kila mzigo unapobadilika, na kuchomelea ni mzigo unaobadilika kila sekunde: moto ukiwaka injini inazama, ukikatika injini inaruka na volti zinaruka nayo. Ndani ya inveta kuna kapasita zinazohifadhi umeme baada ya kugeuzwa kuwa wa njia moja, na kwa volti 230 zinazoingia, kapasita hizo zinabeba volti 325. Nyingi zimetengenezwa kuvumilia volti 400 tu. Jenereta ikiruka hadi volti 280, ndani kunakuwa na volti 396. Hapo ndipo mashine hupasuka kwa mlio, na fundi akiifungua anakuta kapasita zimevimba.

Jenereta za inveta, zile za kimya, zina umeme safi sana, lakini hujikata mara tu mzigo unapozidi. Ya kilowati 2 inatosha kwa rodi ya milimita 2 kwa ampea 45 hivi. Kama ina swichi ya kubana matumizi ya mafuta, izime kabla ya kuchomelea. Ikiwa imewashwa, injini huzunguka polepole, na unapogusa chuma mzigo unafika kabla injini haijaamka; rodi inanata.

Mashine ya koili, hasa zile nzito zinazosukwa mitaani, ni habari nyingine. Hiyo huvuta kVA zinazokaribiana na volti zake za wazi (zile za kabla moto haujawaka) mara ampea za kuchomelea. Yenye volti 55, ikichomelea kwa ampea 100, huvuta kVA 5.5, na rodi ikinata huvuta zaidi ya hapo. Kwa kazi ileile ambayo inveta inafanya na jenereta ya kVA 5 au 6, koili inataka 8 hadi 10. Ukilinganisha bei ya jenereta hizo mbili, tofauti inatosha kununua inveta.

Vijijini kuna njia ya tatu, nayo ni nzuri mno pale injini ya dizeli ya mashine ya kusaga ipo tayari: kuifungia kwa mkanda altaneta ya ST, yaani kizalisha umeme kinachouzwa bila injini. Injini aina ya S195 ya hp 12 huzunguka mara 2,000 kwa dakika, na altaneta ya ST inataka mizunguko 1,500 ili itoe hezi 50. Puli ya injini ikiwa na kipenyo cha milimita 150, ya altaneta iwe na 200: 2,000 × 150 ÷ 200 = 1,500. Injini hiyo huendesha ST ya kVA 7.5 kwa kazi za kuchomelea bila shida. Mikanda iwe miwili au zaidi, na iwekewe kinga ya chuma. Mkanda unaoteleza hushusha mizunguko, volti nazo zinashuka, na wengi humlaumu aliyesuka altaneta.

Nyaya na plagi

Hapa ndipo jenereta nzuri huonekana mbovu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 50, hupoteza karibu volti 22 ukibeba ampea 18. Wa 2.5 hupoteza 13, wa 4 hupoteza 8. Kwa hiyo tumia 2.5 ukiwa ndani ya mita 25, na 4 ukizidi hapo. Ununuapo, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na utahitaji waya mnene zaidi kwa umbali uleule. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu ufungue wote hata kama unatumia mita 5, maana ukibaki umejikunja joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka.

Plagi ya pini tatu ya kawaida ni ya ampea 13, yaani kVA 3. Inafaa hadi kuchomelea kwa ampea 60 au 65. Zaidi ya hapo pini zinachemka, plastiki inakuwa ya kahawia, soketi inalegea na kuanza kutoa cheche. Tumia plagi na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32, moja kwa moja kutoka kwenye tundu kubwa la jenereta.

Upande wa kuchomelea, kebo ya holda na ya athi ziwe milimita za mraba 16 kwa kazi hadi ampea 100, au 25 ukizidi. Ukihitaji kusogea mbali, refusha waya wa jenereta, acha hizi mbili fupi.

Mahali pa kuiweka

Nje, daima. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo huua mtu ndani ya banda lenye milango wazi, seuze chumba. Iweke angalau mita 6 kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, na mita 10 kutoka pale cheche za kuchomelea na za grenda zinaporuka. Iwe ubavuni mwa upepo, ili vumbi la chuma lisiingie kwenye chujio la hewa na kwenye koili, na moshi wake usipeperushwe kukujia. Bomba la moshi lielekee mbali nawe.

Ardhi iwe tambarare. Injini hizi zina kihisi cha oili. Kwenye mteremko oili hukimbilia upande mmoja na injini inazima ingawa imejaa. Usiiweke juu ya chuma unachokichomelea, wala usibane klampu ya athi kwenye fremu yake. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia fupi, na njia hiyo ikipita kwenye beringi za altaneta, zitaungua.

Usiegemee kwenye kikatio cha kuvuja umeme kilichopo kwenye ekstensheni. Katika jenereta ndogo nyingi nyutro haijaunganishwa na bodi, na kifaa hicho hakitakata ukiguswa na umeme. Kinga yako ni nyaya zisizochubuka, viatu vikavu vya soli nene, glavu za ngozi, na kutochomelea mvuani.

Kuwasha na kuanza

1. Pima oili kabla ya kila siku ya kazi. Injini ya hp 13 hubeba lita 1.1, ya hp 6.5 hubeba lita 0.6.
2. Jaza petroli injini ikiwa baridi. Katikati ya kazi, zima na usubiri dakika 15. Petroli ikimwagikia bomba la moshi lenye joto huwaka papo hapo.
3. Washa bila kitu chochote kilichochomekwa. Iache ipate moto kwa dakika 3, choki ikiwa imerudishwa.
4. Pima tundu kwa mita. Volti ziwe kati ya 225 na 240, hezi kati ya 51 na 52.5, mzigo ukiingia zitashuka hadi 50 au 49. Ukikuta zaidi ya volti 250, usichomeke inveta hadi gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, irekebishwe.
5. Chomeka mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Subiri feni izunguke na taa itulie.
6. Punguza kitufe cha kuongeza nguvu ya moto, kama kipo, hadi chini kabisa. Hicho huongeza ampea rodi inapokaribia kunata, na jenereta ndogo haina cha kuongeza.
7. Jaribu kwenye kipande cha chuma chakavu. Anza na ampea 60 kwa rodi ya milimita 2.5, panda tano tano. Sikiliza injini: ikinguruma kwa mkazo lakini ikabaki na mwendo mmoja, sawa, ikizama na kutapatapa, shuka ampea 10.

Tumia E6013. Hushika moto upesi na haidai volti nyingi za kuanzia. E7018 inaunga kwa nguvu zaidi na inafaa chuma kinene cha kubeba mizigo, lakini ni ngumu kuwasha kwa jenereta iliyobanwa, na inataka kukaa kavu kabisa. Hata E6013 iliyonyonya unyevu wa masika hurusha matone na kukatikakatika. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Bomba zilizopakwa zinki zisafishe kwa grenda sentimita 3 kila upande wa kiungo, na ukae upande upepo unapotoka. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na baridi kali usiku. Pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usilichomelee kabisa.

Panga kazi kabla ya kuvuta kamba

Rodi moja ya milimita 2.5 huisha kwa dakika moja hivi. Kazi inayokula rodi 30 ina moto wa nusu saa tu. Hata hivyo fundi anaweza kuacha jenereta ikinguruma saa tano kwa kazi hiyo, kwa sababu anapima, anakata, anapanga, anaunga, kisha anarudi kupima. Injini ya hp 13 hula lita moja au zaidi kwa saa hata bila mzigo, na lita 2 hadi 2.5 ikiwa kazini. Petroli inaungua fundi akishika futi kamba.

Pima na uweke alama vipande vyote jenereta ikiwa imezimwa. Iwashe, kata vyote kwa mfululizo, izime. Panga fremu kwenye ardhi iliyosawazishwa, bana kwa klampu, hakiki pembe kwa kupima mshazari kwa mshazari. Washa tena: shikiza viungo vyote kwa nukta, hakiki tena, kisha chomelea mfululizo ukirukaruka kutoka kona hadi kona ili fremu isipinde. Vipande vichache vya bomba nyembamba vikate kwa msumeno wa mkono.

Grenda na mashine ya kuchomelea zisifanye kazi kwa wakati mmoja, labda jenereta iwe kubwa kweli. Grenda ndogo ya milimita 115 huvuta wati 700 hadi 900, kubwa ya milimita 230 huvuta 2,000 na zaidi, na zote huvuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde ya kuanza. Msaidizi akiwasha grenda kubwa ukiwa katikati ya mshono, volti zinaanguka, mshono unapata tundu, na inveta inaweza kujifunga.

Inapogoma

Injini inavuma sawasawa lakini moto ni dhaifu na rodi inanata: tatizo haliko kwenye jenereta. Pima volti mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye mashine, huku mwenzako akichomelea. Zikiwa chini ya 200, waya ni mwembamba au mrefu mno, au plagi imelegea. Zikiwa nzuri, tazama klampu ya athi. Mara nyingi imebanwa juu ya rangi au kutu.

Injini inazama na kuzimika: ampea zimezidi, au chujio la hewa limejaa vumbi. Ikianza vizuri na kufa baada ya dakika chache, angalia tundu dogo la hewa kwenye mfuniko wa tangi. Likiziba, petroli haishuki.

Injini inapanda na kushuka yenyewe bila mzigo: jeti ya kabureta imeziba kwa petroli ya zamani. Safisha kwanza. Kuchomeka inveta kwenye jenereta inayopandapanda ni kuiua.

Taa ya njano ya mashine imewaka na feni inazunguka: imepata joto. Mashine iliyoandikwa asilimia 60 inamaanisha dakika 6 za moto katika kila 10. Iache ikiwa imewashwa ipoe kwa feni yake. Taa ikiwaka mara tu unapogusa chuma, volti zinaanguka.

Injini inafanya kazi na hakuna umeme kabisa: anza na breka ya jenereta, kisha kaboni za rota kama zimeisha, kisha AVR.

Kuzima

Acha mashine ipoe kwa feni dakika 5, izime, ichomoe, kisha iache jenereta izunguke bila mzigo dakika 3. Usiruhusu petroli iishe katikati ya kuchomelea: injini inapokosa mafuta huguguma, volti huruka juu na chini kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuua AVR na inveta kwa pamoja. Jaza tangi linapofika robo.

Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza kwa jenereta mpya, kisha kila saa 50 katika mazingira ya vumbi na joto. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni kila wiki ya kazi, likauke, lilowekwe oili kidogo na kukamuliwa. Pengo la plagi ya injini liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Jenereta ikitarajiwa kukaa zaidi ya mwezi, funga koki ya petroli, iache ifanye kazi hadi izime yenyewe bila mzigo, kisha mwaga mabaki kwa skrubu ya chini ya kabureta.